Jiwe la Kaka Yangu

Kuna kisiwa katika Ziwa Baringo ambacho wenye boti hukipita bila kupunguza mwendo. Wageni hupelekwa kwenye kile kikubwa, kwenye chemchemi za maji moto, wakapigwe picha wakiwa na jaketi za rangi ya machungwa vifuani. Hiki kidogo hakina cha kuonyesha. Kina mawe, miiba, mbuzi wanaojua kupanda miti, na nyumba zisizofika arobaini. Mimi nakijua kwa sababu mama yangu alikuwa muuguzi wa zahanati yake, na kwa sababu alizikwa huko.

Alizikwa huko, kisha akahamishwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu kwa miaka sita, tena kwa fahari.

Mama alimwacha baba nikiwa darasa la tatu. Babu yangu alikuwa mtu wa reli, akamlea baba katika nyumba za reli hapa Nakuru, na baba akarithi kila kitu cha babu isipokuwa bidii. Sitamsema zaidi, ameshakufa. Mama akatuchukua mimi na kaka yangu mkubwa, akatuweka kwa mama mdogo kule Lanet, akaomba kazi mahali ambapo hakuna muuguzi mwingine aliyekubali kwenda. Wakampa kisiwa. Likizo zetu zote zilikuwa huko. Wenzangu walirudi shuleni na hadithi za Nairobi, mimi nikarudi na hadithi za mamba, na hakuna aliyeniamini.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Homa ya siku nne, na muuguzi ndiye aliyekosa wa kumuuguza. Ndipo nilipojua kwamba hata maiti inaweza kukosa pa kwenda. Watu wa baba, kule magharibi, wakasema huyu aliondoka kwa miguu yake, hana boma kwetu. Watu wa mama wakasema ng'ombe wa mahari waliliwa zamani, na binti aliyeolewa hazikwi kwao. Wazee wa pande zote mbili walizozana siku tatu sebuleni kwa mama mdogo, huku wakinywa chai yake. Siku ya nne wakaja watu wa kisiwa, wanaume wanne na mwanamke mmoja aliyekuwa msaidizi wa mama zahanatini. Yule mwanamke hakuketi. Alisema tu, "Daktari ni wetu. Tupatieni." Kisiwani muuguzi anaitwa daktari, hakuna mwingine wa kumpokonya cheo. Wazee wakawapa, na nadhani walishukuru.

Mimi sikushukuru. Niliona aibu. Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza mama yako amelala wapi, nilibadilisha mazungumzo. Kwetu mtu ana nyumbani, na nyumbani ni pale penye makaburi ya watu wake. Mama yangu alikuwa amelala kando ya maji kwa watu wasio wake, kama mzigo ulioachwa na mwenyewe. Nilipokuwa mtu mzima, nikashona nguo za shule za nusu ya watoto wa Lanet, nikalea binti yangu, na nyuma ya yote nilitaka jambo moja: mama apate nyumbani.

Kaka yangu akapata shamba Keringet. Udongo mwekundu, baridi ya kukausha midomo, viazi kama mawe. Siku ya kwanza aliponitembeza alinionyesha kona iliyo chini ya miti akasema, "Hapa ndipo tutamleta mama." Nililia palepale kwenye matuta. Lazima mjue kaka yangu ni mtu wa namna gani. Ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda kliniki ya meno nikiwa na miaka saba. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nilipoanguka alimwambia mama mdogo kwamba ni yeye aliyenisukuma. Na ana mdomo. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Yeye nyoka angetoka na watoto wake wote.

Kisha ziwa likapanda. Mliona kwenye habari: hoteli zimebaki mapaa, shule ndani ya maji, watu wakihama na vitanda vichwani. Kila jioni niliketi mbele ya televisheni nikitafuta kisiwa chetu, na hakuna aliyekipiga picha. Nikampigia kaka simu. "Kaburi liko hatua thelathini kutoka majini," nikamwambia. "Ilikuwa thelathini. Sasa sijui." Mimi mwenyewe nilikuwa nimepasuliwa tumbo wiki mbili nyuma, nimekatazwa kuinua hata jagi la maji.

"Wewe kaa, sista," akasema. "Hii ni kazi ya wanaume. Karatasi nimemaliza, boti iko, pastor amekubali. Saturday mama atalala kwake."

Alirudi Ijumaa jioni kwa pikapu, yeye na vijana wawili wa shambani. Nyuma kulikuwa na jeneza fupi, limepigwa misumari pande zote. Nilitaka lifunguliwe. Nilitaka kuona hata kucha. Kaka akanishika mabega. "Mifupa haionyeshwi wanawake. Utaota vibaya mpaka ufe. Kumbuka mama vile alikuwa." Nikaona ana akili, nikabusu ubao.

Tulizika Jumamosi chini ya hema, ndugu wa pande zote mbili wamefika, hata wale wazee waliomkataa, wale waliobaki. Walikula vizuri. Kaka na wenzake walibeba jeneza begani, na niliona wanavyojikaza. Nikajiuliza mifupa ya mwanamke mwembamba ina uzito gani, nikajijibu kwamba labda wamemchimba na udongo wake.

Jumapili nikamfulia kaka shati lake jeupe. Begani na kwenye mkono palikuwa na madoa ya kahawia. Nikasugua kwa sabuni ya kipande, nikaweka ndimu, nikaanika juani, nikarudia. Madoa yakakaa. Mimi ni fundi wa nguo, najua madoa kama daktari anavyojua vipele, na hilo lilinishinda. "Ni vanishi ya jeneza," kaka akasema. "Tupa tu hiyo shati." Sikuitupa. Nilikata kipande kizuri cha mgongoni nikashonea mfuko wa Biblia.

Na kwa miaka sita nikapalilia kaburi hilo. Kila Desemba familia hukusanyika Keringet, kaka huongoza maombi, sisi husema Amina. Katikati ya mwaka nilikwenda peke yangu. Nilipanda maua meupe kuzunguka pande zote. Nilimwambia mama habari za Lanet, nani ameolewa, nani amefukuzwa kazi. Binti yangu alipopata mchumba nilimpeleka yule kijana wa watu akapiga magoti pale kwenye baridi, akajitambulisha. Alikuwa na suruali mpya ya kijivu.

Mwaka jana mwezi wa nne, msimu wa sare ulipokwisha, wateja wangu walipanga kwenda Naivasha kupanda boti na kula samaki. Waliniita. Nikasema hapana, Naivasha siku ya sikukuu ni kama soko, mimi nina kisiwa changu. Nilikuwa nimekumbuka kwamba hatukuwahi kurudi kuwashukuru watu wale. Walimtunza mama miaka yote, wakamsaidia kaka kumtoa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewapelekea majani ya chai. Nikafunga sukari, majani, blanketi mbili, na gauni nililoshona kwa ajili ya yule msaidizi wa mama, kwa vipimo vya kukumbuka. Sikumwambia kaka. Nilitaka nimshangaze kwa salamu.

Kampi ya Samaki, zinapoanzia boti, kulikuwa na watu wengi kando ya maji, kofia na kamera. Mwenye boti mmoja akanijia, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kidevuni.

"Mathe, twende island ya maji moto?"

"Nataka ile ndogo."

"Ile? Huko hakuna kitu, mathe. Hakuna hata choo ya wageni."

"Watu wako?"

"Watu wako."

"Basi twende."

Tulipita katikati ya miti iliyokufa imesimama majini. Sikutambua chochote mpaka nilipoona paa la mabati lililobaki na upana wa meza, ndege weupe wamejipanga juu yake. Zahanati. Nilipima kwa macho kutoka hapo kuelekea upande wa jua, mahali kaburi lilipokuwa, na pale palikuwa maji matupu. Nikasema kwa sauti, "Mungu asante tulimtoa."

"Mlitoa nani?" mwenye boti akauliza.

"Mama yangu. Alikuwa daktari wa hapo."

Akapunguza injini. Aliniangalia usoni kwa muda. "Mimi ni yeye alinishika nikizaliwa," akasema, akaongeza mwendo.

Yule msaidizi wa mama alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akichambua mboga. Amekuwa nyanya, amekauka, miguu kama fimbo, lakini alinitambua kabla sijasema jina. Alisema natembea kama Daktari, kama mtu anayechelewa. Gauni lilimmeza. Alicheka mpaka machozi, akalivaa juu ya nguo zake, akakaa nalo. Akaniwekea chai ya maziwa ya mbuzi. Ndipo nilipotoa hotuba yangu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Nikawashukuru kwa kumpokea mama alipokataliwa, kwa kumlinda, na kwa kumsaidia kaka yangu kumchukua mwaka ule wa maji, ili akapumzike kwake.

Nyanya aliweka kikombe chini.

"Kaka yako alisema alimtoa hapa?"

"Ndiyo. Alikuja na pikapu mpaka Kampi, akavuka na boti."

"Mtoto wangu," akasema, "kaka yako hakufika."

Akanieleza polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mwingine. Kaka alikuwa amewapigia simu kwamba anakuja. Wakachagua vijana wa kuchimba. "Tukachinja mbuzi. Tukangoja siku tatu. Simu yake ikazima. Na maji haikungoja, ikakuja mpaka mlango ya dispensari. Tukasema, Daktari hawezi kulala ndani ya maji kama samaki. Tukamtoa sisi wenyewe, wamama wakishika shuka, tukapanda na yeye juu."

"Juu wapi?"

"Nitakupeleka."

"Na hamkumwambia?"

"Tulimwambia! Mwezi ilipoisha simu ikashika. Nikaongea na yeye mwenyewe, nikamwambia, usiogope, mama yako iko salama. Akasema asante sana nyanya, nitaambia wengine."

Nilimwomba arudie hilo la mwisho, akarudia. Kwa hiyo alijua. Si kwamba alidhani mama amezama akatuficha uchungu, jambo ambalo ningejaribu kulisamehe. Alijua yuko wapi. Desemba baada ya Desemba alisimama Keringet akaomba kwa macho yaliyofumbwa, na alijua.

Tulipanda. Nyanya alikwenda mbele na gauni lake jipya likikamata miiba. Juu, penye upepo, kulikuwa na rundo la mawe lililonifika kiunoni. Akanieleza kwamba kila mwanamke aliyezalishwa na Daktari, na kila mtoto aliyezaliwa mikononi mwake, akipita hapo huongeza jiwe. Wengine wamehama, wakirudi kusalimia huongeza. Mwenye boti, aliyekuwa ametufuata, aliokota moja akaliweka. Nilitazama lile rundo. Mawe ya watu wote, na la kwetu halikuwemo.

Nikakaa chini. Na pale chini, sijui kwa nini, nikaliona lile shati. Doa la kahawia ambalo sabuni, ndimu na jua vilishindwa. Mimi ni mtoto wa watu wa ndizi. Nimekata mikungu nyuma ya nyumba ya mama mdogo tangu utotoni. Kila mtu wa kwetu anajua kuna doa moja tu linaloshinda fundi, nalo ni utomvu wa mgomba. Na kila mtu wa kwetu anajua kinachofanywa mtu akipotea, akizama, akifa vitani asionekane: hukatwa shina la mgomba, huwekwa ndani ya jeneza, huzikwa badala yake.

Simu ilikuwa na mtandao pale juu kuliko hata Lanet. Nikampigia.

"Sista! Uko wapi, mbona upepo hivyo?"

"Niko kwa mama."

"Keringet? Ungeniambia, ningetuma mtu akufungulie."

"Niko kwa mama, kaka. Uliweka nini ndani ya lile sanduku?"

Nikasikia kuku wakilia upande wake. Nilingoja neno moja tu kutoka kwake, nisamehe, na kama angelisema, sijui leo tungekuwa wapi. Akasema, "Nani amekuambia?"

Baadaye maneno mengine yalikuja, na hayo yalikuwa mengi. Kwamba alifika Kampi, ziwa lilikuwa limechafuka, boti mbili zimepinduka wiki hiyo, na yeye hajui kuogelea. Kwamba hema lilikuwa limeshasimama na ndugu wako njiani. Kwamba alikata shina la mgomba njiani, Marigat, kwenye mashamba ya umwagiliaji. "Lakini hiyo ni mila yetu, sista. Mgomba inaruhusiwa. Wazee walifanya."

Hapo nilipandisha sauti mpaka mbuzi wakakimbia. Mgomba hauzikwi kwa siri! Wazee huita watu, husema mtoto wetu hakuonekana, na watu hulia wakijua wanalilia nini. Yeye alinipa mti nikaubusu. Alinipa mti nikaupandia maua, nikaupelekea mkwe. Nilimwambia hayo yote na mengine ambayo siyaandiki. Alikuwa akilia. Nikakata simu.

Nilikaa juu kule mpaka jua likageuka. Nitasema ukweli: hasira haikuwa kwa kaka peke yake. Mimi ndiye niliyeona aibu kwamba mama amelala kwa wageni. Ndiye niliyetaka kumwondoa kwa watu waliomwita wao, nimlete kwa watu waliomkataa, ili nami niwe na pa kuonyesha kidole. Na wale niliowaita wageni ndio waliobeba mifupa yake kwa shuka.

Nikaokota jiwe, nikaliweka. Nyanya akaniangalia. "Na la kaka yako? Mtu akiwa mbali, mwenzake humwekea."

Nikaokota la pili, la ukubwa wa andazi, jeusi, na upande mmoja bapa. Nikanyoosha mkono, mkono ukakataa. Nikalifunga kwenye leso, nikalitia mkobani.

Wiki iliyofuata nikampelekea Keringet. Alikuwa shambani, viatu vya mpira, udongo mpaka magotini. Sikumsalimu. Nilimpa jiwe. "Hili ni lako. Lipeleke mwenyewe. Na uwaambie watu ukweli kwa mdomo wako, mimi sitakusemea. Nakupa mpaka Desemba."

Alilipokea kwa mikono miwili. Alilia kweli kweli, makamasi na yote, kaka yangu aliyenibeba mgongoni, akaapa kwa jina la mama kwamba mwezi wa nane tutavuka pamoja, hata kama ni kwa kufungwa kamba. Nikarudi Lanet nusu ya moyo umetulia. Mwezi wa nane viazi viliingiwa na ugonjwa. Mwezi wa kumi mgongo ukamsumbua. Mwezi wa kumi na moja hakushika simu.

Desemba nilikwenda. Nilifikiri amengoja siku ambayo watu wote wapo, ni mtu wa hadhira. Ndugu walijaa, na binti yangu na mumewe walikuwa mstari wa mbele. Viti havikutosha. Kaka akaniomba, kwa upole wake wote, nikamletee kile cha mbao kilichoko kwenye ghala la viazi. Nilipokuwa nikizunguka nyumba nilimsikia akianza maombi. "Baba, tunakushukuru kwa mama yetu, aliyelala hapa."

Mlango wa ghala ulikuwa wazi. Ni mlango mzito, haukai wazi wenyewe. Chini, kwenye pembe, kulikuwa na kitu kimeuzuia. Jeusi, ukubwa wa andazi, upande mmoja bapa, limechafuka udongo wa viazi na kinyesi cha kuku.

Nikaliokota. Mlango ukajibamiza nyuma yangu kwa kishindo, na kule kaburini maombi yakakatika. Nikatokea kwenye kona ya nyumba. Watu wote waligeuka. Kaka alifumbua macho, akaona nilichoshika. Tuliangaliana, naye akaelewa, nina hakika alielewa.

Akafumba macho tena, akaendelea kuomba.